Nondo wa 1947 ana potifolio kukushinda

Wasee wa kutesti programu, hii stori ni yenu. Tarehe 9 Septemba 1947, pale Harvard, Marekani, nondo alinaswa ndani ya kompyuta ya Mark II. Waliompata wangemtupa tu waendelee na kazi. Badala yake walimbandika kwa selotepu kwenye daftari la kazi, wakaandika saa na namba ya rilei alipokwama.

Kuita hitilafu "mdudu" hakukuanza siku hiyo. Thomas Edison alikuwa akisema hivyo tangu karne ya 19. Hata Grace Hopper, aliyesambaza stori, si yeye aliyempata. Lakini ukurasa uko hadi leo kwenye makumbusho ya Smithsonian, na nondo wake.

Sasa wewe unalia hupati kazi juu huna uzoefu, na simu yako imejaa app zinazokwama kila siku. Chagua moja. Andika ulibonyeza nini, ulitarajia nini, nini kilitokea, kwa simu gani. Weka skrinshoti. Zikifika kumi, zipange vizuri GitHub. Mdosi akiuliza umewahi kufanya nini, mtumie linki.