Nyumomediastino

Nyumomediastino ni hali ya hewa kuvuja na kujikusanya katika mediastino, yaani sehemu ya katikati ya kifua, kati ya pafu la kulia na la kushoto, nyuma ya kidari na mbele ya uti wa mgongo. Humo mna moyo na mishipa yake mikubwa ya damu, trakea ipitishayo pumzi, umio upitishao chakula, tezi za limfu na neva. Viungo hivyo vimezungukwa na mafuta na tishu laini zisizo na hewa. Hewa ikionekana ndani ya tishu hizo, ipo mahali ilipopenyea, na jambo la kwanza la kutafuta ni mahali hapo. Wingi wa hewa hauelezi ukubwa wa hatari. Kijana wa pumu aliyevimba shingo nzima huweza kupona kwa kupumzika tu, ilhali mtu mwenye viputo vichache vilivyotoka kwenye umio uliopasuka yuko katika hatari ya kufa.

Hali hii isichanganywe na nyumothoraksi, ambayo hewa yake hukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua na kulisinyaza pafu. Hata hivyo hewa ya mediastino ikizidi huweza kupasua utando unaoitenga na upande wa pafu, na mgonjwa akawa na zote mbili.

René Laennec, daktari Mfaransa aliyebuni stethoskopu, aliieleza nyumomediastino mwaka 1819 kwa wagonjwa walioumia. Mwaka 1939 Louis Hamman wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, aliwaeleza wagonjwa ambao hawakuumia popote, lakini hewa ilikuwa imeuzunguka moyo. Njia inayopitwa na hewa hiyo ilifafanuliwa na Charles Macklin wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Kanada, kwa majaribio ya mapafu ya paka. Mwaka 1944 yeye na mkewe Madge Macklin walichapisha maelezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kuielewa hali hii. Mgandamizo ukipanda ghafla ndani ya pafu, vifuko vidogo vya hewa hupasuka pale vinapopakana na mishipa ya damu. Hewa huingia katika ala ya mishipa hiyo, ikaifuata kurudi nyuma hadi kwenye shina la pafu, kisha ikafika mediastino. Kutoka hapo hupanda shingoni na kusambaa chini ya ngozi. Kupanda huko, ingawa humtisha mgonjwa, mara nyingi humwokoa, kwa kuwa hewa iliyopata pa kutokea haiubani moyo.

Basi lolote linalomfanya mtu abane pumzi na kusukuma kwa nguvu laweza kuanzisha uvujaji: shambulio la pumu, kikohozi cha kifaduro, kutapika, kunyanyua mzigo mzito, mama kusukuma mtoto wakati wa kujifungua, au mvutaji bangi anayeuzuia moshi kifuani. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imepanda hadi damu ikawa na asidi hupumua kwa kina na kutapika, naye yumo hatarini. Kwa watoto, surua inayoshambulia mapafu ni chanzo kinachojulikana vizuri barani Afrika. Mtoto mdogo aliyekuwa mzima akavimba shingo ghafla, tena bila surua wala pumu, achunguzwe kama amepaliwa na karanga au punje ya mahindi, kwani kitu hicho huruhusu hewa kuingia kwenye pafu na kuizuia kutoka.

Wapiga mbizi wana sababu yao. Katika kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji, hivyo hewa iliyovutwa huko kutoka kwenye mtungi hutanuka maradufu mtu akiibuka. Akiibuka huku amebana pumzi, mapafu hupasuka, na kina cha mita chache tu chatosha. Anayezama kwa pumzi aliyoivuta juu ya maji hana hatari hiyo, kwa sababu hewa yake hurudi tu katika ujazo wake wa mwanzo. Tofauti hii ni muhimu kwa vijana wa pwani ya Afrika Mashariki wanaofuata majongoo bahari kwa mitungi bila mafunzo: ujuzi wa kuzama kwa pumzi hauwafundishi kutoa pumzi wakati wa kuibuka.

Hewa huweza pia kuingizwa na jeraha au tiba. Ajali za barabarani huchana trakea na matawi yake. Mashine ya kupumulia husukuma hewa kwenye mapafu dhaifu, jambo lililoonekana sana kwa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19. Hata mashine ya meno inayoendeshwa kwa hewa, ikitumika kung'oa gego la chini, huweza kupitisha hewa kwenye tishu za shingo hadi kifuani.

Mgonjwa hulalamikia maumivu nyuma ya kidari yanayozidi akivuta pumzi na kupanda shingoni, pamoja na pumzi fupi na tabu ya kumeza. Sauti huweza kugeuka ya king'ong'o. Juu ya mitulinga ngozi huvimba, na ukiibonyeza utahisi mchakacho kama wa majani makavu. Daktari akimlaza kwa ubavu wa kushoto na kusikiliza kifua, huweza kusikia mchakacho unaofuatana na mapigo ya moyo. Ndiyo dalili ya Hamman, ingawa wagonjwa wengi hawana. Picha ya eksirei huonyesha mstari mwembamba wa hewa kandokando ya moyo. Picha ya upande husaidia pale ya mbele inapoficha, na kipimo cha CT huonyesha hata kiasi kidogo sana.

Chanzo kikiwa ni vifuko vya mapafu, tiba ni ndogo kuliko hofu: kupumzika, dawa ya maumivu, kutuliza pumu au kikohozi, na kuangaliwa kwa siku moja au mbili. Oksijeni nyingi huharakisha kufyonzwa kwa hewa iliyonaswa, kwa kuwa hupunguza naitrojeni katika damu. Hewa hutoweka kwa siku chache hadi wiki mbili, na kurudi kwake ni nadra. Mgonjwa asipande ndege mpaka apone, wala asirudi kupiga mbizi kwa mtungi bila idhini ya daktari. Mara chache sana hewa hukosa pa kutokea ikabana moyo na mishipa mikubwa, shinikizo la damu likaporomoka. Hapo daktari huchana ngozi juu ya kidari au kuweka mrija ili itoke.

Kupasuka kwa umio ni habari nyingine kabisa. Daktari Herman Boerhaave wa Leiden, Uholanzi, alieleza kupasuka huko mwaka 1724 baada ya kuuchunguza mwili wa Jan van Wassenaer, amiri wa jeshi la majini, aliyejitapisha kwa nguvu baada ya mlo mkubwa, akashikwa na maumivu makali kifuani na kufa. Chakula chake kilikutwa ndani ya kifua. Hadi leo kinachoua ni hicho: mate, chakula na tindikali ya tumbo vikiingia mediastino huleta maambukizi yanayosambaa kwa saa, si kwa siku. Tumaini la kupona lilikuwa dogo sana mpaka daktari Norman Barrett wa London alipochapisha, mwaka 1947, taarifa ya mgonjwa aliyeponywa kwa upasuaji. Kwa sasa umio unaoshukiwa huchunguzwa kwa CT na kwa kumeza dawa ya picha inayoyeyuka majini, na mgonjwa huanzishiwa antibiotiki mara moja. Kwa hiyo mtu aliyetapika kwa nguvu, kisha akapata maumivu makali ya kifua na uvimbe unaochakacha shingoni, asipewe maji, maziwa wala dawa ya vidonda vya tumbo. Afikishwe hospitali yenye upasuaji saa hiyohiyo.