Masomo ya Maofisa wa Jeshi

Kaptagat ni nchi ya msitu na baridi, kusini-mashariki ya Eldoret, yapata mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri barabara zake za udongo hujaa wakimbiaji, na ulimwengu umelijua jina la mahali hapa kwa ajili ya Eliud Kipchoge na wenzake wanaofanya mazoezi huku. Si ajabu, basi, kwamba kijana wa Kaptagat asikiapo kuwa jeshi linaandikisha watu hulifikiria kwanza kwa miguu yake. Kambi ya Moi, wanakofunzwa makurutu wa Kenya, iko karibu na Eldoret. Watu wamewaona makurutu wakikimbia, nao hudhani kwamba wameliona jeshi zima. Lakini liko swali ambalo ni wachache waliulizalo: yule atakayekuwa ofisa husoma nini, na ni nani amchaguliaye somo hilo?

Zamani huko Ulaya ofisa hakuhitaji somo lolote. Katika jeshi la Uingereza mtoto wa tajiri aliweza kununua cheo kwa fedha, kama mtu anunuavyo shamba, na desturi hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1871. Hata hivyo vilikuwako vikosi viwili ambavyo vyeo vyake havikuuzwa, navyo ni kikosi cha mizinga na kikosi cha wahandisi. Sababu yake yafahamika upesi, kwa maana mzinga haujali ukoo wa mtu. Asiyejua hesabu hawezi kukadiria risasi yake itaanguka wapi, na daraja lililojengwa na mjinga huvunjika askari wakiwa juu yake. Ndiyo maana mwaka 1741 ilifunguliwa shule huko Woolwich kuwafundisha maofisa wa vikosi hivyo viwili. Wafaransa nao, wakiwa katikati ya mapinduzi na vita, walianzisha mwaka 1794 chuo kikubwa cha wahandisi mjini Paris. Twaweza kusema kwamba hesabu ndiyo iliyoingia jeshini kwanza, na masomo mengine yakafuata nyuma yake.

Wamarekani walifungua chuo chao cha West Point mwaka 1802. Mkuu wake aliyesifika sana, Sylvanus Thayer, alikiongoza tangu 1817 hata 1833, akafuata mfano wa Wafaransa. Vijana walisoma hesabu kila siku, tena walijifunza Kifaransa, kwani vitabu vingi vilivyo bora vya uhandisi viliandikwa kwa lugha hiyo. Kuchagua somo hakukuwako kabisa. Wote walisoma mambo yale yale, na mwisho wakapangwa kwa namba. Waliotangulia ndio waliopata kuingia katika kikosi cha wahandisi. Mwaka 1829 Robert Lee alikuwa wa pili katika darasa lake, akawa mhandisi. Mwaka 1843 Ulysses Grant alikuwa wa 21 kati ya 39. Alitaka kuingia katika askari wa farasi, naye alikuwa hodari mno wa kupanda farasi, lakini alipelekwa katika askari wa miguu. Miaka 22 baadaye, mwezi wa Aprili 1865, Lee alisalimu amri kwa Grant na vita vikuu vya Marekani vikaelekea kwisha. (Mwanafunzi mvivu asifurahi upesi kwa habari hii. Grant alikuwa mzuri katika hesabu, na alitumaini kuwa siku moja angerudi chuoni kuifundisha.)

Mpango huo wa somo moja kwa wote ulidumu muda mrefu sana. Chuo cha maofisa wa ndege cha Marekani, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1955, ndicho kilichotangulia kuwapa vijana nafasi ya kuchagua somo kuu. West Point ilifuata katika miaka ya 1980. Elimu ya vita ilikuwa imepanuka mno. Palikuwa na roketi, na mitambo ya umeme, na lugha za mataifa mengi, wala hakuna kichwa kimoja kiwezacho kuyabeba yote hayo.

Kwetu Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda kwa njia nyingine, yenye uchungu. Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902, na kwa zaidi ya miaka hamsini Mwafrika alipewa bunduki bila kupewa uofisa. Katika Vita Kuu vya Pili jeshi lilihitaji madereva, makarani na watu wa simu, yaani watu wajuao kusoma; hata hivyo elimu yao haikuwafikisha kwenye uofisa. Mwaka 1956 kililetwa cheo cha efendi, ambacho kilikuwa juu ya sajini meja lakini chini ya Mzungu mdogo kabisa mwenye cheo cha ofisa. Uofisa wenyewe ulianza kutolewa kwa Waafrika mwaka 1961, uhuru ukiwa mlangoni.

Je, walichaguliwa kwa kipimo gani? Mtazame Idi Amin wa Uganda. Aliingia jeshini mwaka 1946, akawa bingwa wa ngumi, akapewa cheo cha efendi mwaka 1959 na cha luteni mwaka 1961, ingawa elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo sana. Wakubwa wake walipenda mwili wake na utii wake. Tarehe 25 Januari 1971 aliipindua serikali, na yaliyowapata watu wa Uganda baadaye yajulikana. Mimi sisemi kwamba shule ingalimfanya kuwa mtu mwema, kwa kuwa wako wabaya wengi waliosoma. Nasema tu kwamba hakuna aliyejali kuuliza kichwani mwake mna nini.

Waliopelekwa Uingereza nao walikwenda kwa haraka. Sandhurst wakati ule ilikuwa na mafunzo ya miaka miwili, yenye masomo ya darasani pamoja na ya vita; shule ya Mons ilimtoa ofisa kwa miezi michache tu, basi ikafaa sana kwa nchi zilizokuwa na haraka. Haraka yenyewe ilikuwa na sababu. Mwezi wa Januari 1964 askari waliasi Tanganyika, Uganda, na hata Lanet karibu na Nakuru. Walidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Nani wakati ule angemwuliza kijana kama apenda fizikia au historia?

Leo maofisa wa Kenya hufunzwa papo hapo Lanet, na mwaka 2021 chuo kikuu cha ulinzi cha nchi kilipewa hati yake. Jeshi pia huwachukua madaktari, wahandisi na wengineo waliokwisha kupata shahada nje, likawafundisha uaskari. Huko Monduli nchini Tanzania, maofisa wanafunzi huweza kusomea shahada ya sayansi ya kijeshi kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha.

Lakini mlango wa kwanza wa uchaguzi hauko Lanet. Uko katika shule ya sekondari. Mpango mpya wa elimu wa Kenya humtaka mwanafunzi, akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitano, ashike mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na hisabati, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Kwa kijana wa Kaptagat mkondo wa michezo huonekana kama barabara ya nyumbani, na kwa wengine ndiyo barabara yao kweli. Lakini aiachaye fizikia katika umri huo huenda amekwisha kuyaacha mambo ya ndege na mitambo bila kujua.

Hata hivyo kuchagua hakuishi ujanani. Jenerali Francis Ogolla aliingia jeshini mwaka 1984, akawa rubani wa ndege za vita. Baadaye, akiwa mtu mzima mwenye cheo, alisoma katika Chuo Kikuu cha Nairobi mambo ya siasa, vita na amani. Mwaka 2023 alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya. Tarehe 18 Aprili 2024 alikwenda Pokot Magharibi kwa ajili ya shule zilizokuwa zimefungwa kwa hofu ya majambazi, ili zitengenezwe na watoto warudi kusoma. Helikopta yake ilipoondoka huko ilianguka katika Elgeyo Marakwet, akafa yeye na wenzake tisa.