Nani Anachagua kwa Niaba ya Mnunuzi? Historia Fupi ya Michezo ya Video ya Abonema



Katika mitaa ya Kisangani, kuanzia Makiso hadi Mangobo na Kabondo, wengi wenu mnaufahamu mpira wa PlayStation kwa njia moja: mnaingia katika chumba cha michezo, mnalipa faranga zenu kwa kila mechi, mnacheza, mnatoka. Mnajua mlicholipia. Lakini huko ambako michezo hiyo inatengenezwa biashara imegeuka, na mageuzi yake yanatufundisha jambo kuhusu uhuru wa mnunuzi. Kwa hiyo tumeona vema kuitazama historia yake pamoja nanyi.

Kwa miaka mingi mchezo ulikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Mwenye diski aliweza kumwazima rafiki, kuiuza, au kumwachia mdogo wake. Mnamo Juni 2013 Microsoft ilieleza kwamba konsoli yake mpya, Xbox One, ingepaswa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba diski zilizokwisha kutumika zingewekewa masharti. Wanunuzi walipinga vikali, na tarehe 19 ya mwezi huohuo kampuni ikaifuta mipango hiyo. Tufikirie mji wetu, ambako umeme hukatika bila taarifa: konsoli ya namna hiyo ingekuwa pambo la meza.

Mwaka uliofuata likazuka jambo jingine. Julai 2014 Electronic Arts, watengenezaji wa FIFA, walitangaza EA Access. Kwa dola 5 hivi kwa mwezi, au 30 kwa mwaka, mteja wa Xbox One alifunguliwa ghala la michezo, ambalo mwanzoni lilikuwa na michezo 4 tu. Hiyo ndiyo abonema: unalipia ruhusa ya kutumia, wala humiliki kitu. Sony iliikataa huduma hiyo kwenye PlayStation 4, ikisema kwamba haikuwa na faida ya kutosha kwa wateja wake. Yawezekana hesabu yao ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini kwa nini mteja hakuachiwa aipime mwenyewe? Mwanzoni mwa 2015 Sony nayo ilianza kuuza nchini Marekani abonema yake, PlayStation Now, kwa dola 20 hivi kwa mwezi. EA Access iliruhusiwa kwenye PlayStation 4 mwezi Julai 2019, miaka 5 baadaye. Aliyelinda mlango alikuwa pia na duka ndani ya nyumba.

Juni 2017 Microsoft ilianzisha Xbox Game Pass kwa dola 10 hivi kwa mwezi, yenye michezo zaidi ya 100. Tusidharau faida yake. Mtu asiye na dola 60 za kununua mchezo mmoja mpya alipata mingi kwa fedha kidogo. Hata hivyo, Oktoba 2025 daraja la juu la huduma hiyo lilipanda Marekani kutoka dola 20 hadi 30 hivi kwa mwezi. Tupige hesabu: dola 30 mara miezi 12 ni 360, yaani bei ya michezo 6 ya dola 60. Mwenye diski hapandishiwi bei ya kitu alichokwisha kununua. Mwenye abonema hulipa au huacha. Na akiacha, anabaki mikono mitupu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Nasi Wakongo tuko wapi katika historia hii? Mnamo Mei 2024 Sony iliwataka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation Network. Akaunti hiyo haitolewi rasmi katika nchi nyingi za Afrika, Kongo yetu ikiwamo. Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji wa dunia nzima walilalamika, na baada ya siku chache sharti likaondolewa, ingawa nchi hizo hazikurudishiwa mchezo mara moja. Kwa watu wetu, basi, diski inayopita mkono kwa mkono bado ndiyo mlango ulio wazi.

Mambo ya kufungiwa soko si mageni katika nchi yetu. Mwaka 1885, mjini Berlin, mataifa yaliahidi biashara huru katika bonde lote la Kongo. Mwezi Septemba 1891 Mfalme Leopold II alitoa amri ya siri ili pembe za ndovu na mpira wa Aruwimi-Uele, jirani zetu, na wa Ubangi ziwekwe mikononi mwa Dola lake. Kisha maofisa wakawakataza wenyeji kuwauzia wafanyabiashara wengine. Hatulinganishi mateso ya wazee wetu na michezo ya watoto. Jambo hilo halilinganishiki. Tunachukua swali moja tu, ambalo historia inatufundisha kuliuliza kila tunaposikia kwamba soko limefungwa kwa manufaa yetu: anayefunga anapata nini?

Kijana mwenye busara huuliza kabla ya kulipa. Hiki ninakinunua au ninakikodi? Nikikosa fedha mwezi ujao, kitabaki nini? Abonema si dhambi, na diski si wokovu. Lakini matukio ya 2013 na 2024 yameonyesha kwamba wanunuzi wakisema pamoja, hata makampuni makubwa hurudi nyuma.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Kati ya vitu tunavyolipia kila mwezi, vipi ni vyetu kweli?
2. Je, Sony ilikuwa na haki ya kukataa kwa niaba ya wateja wake? Toeni sababu za pande zote mbili.
3. Ni lini sisi wenyewe tunawachagulia wengine bila kuwauliza?