Kuponi Iliyoandikwa na Asiyekuwepo Kaunta

Mteja na keshia wa supamaketi ya Marekani wakibishana juu ya kuponi, wengi humlaumu mmoja wao: mteja mjanja, au keshia hajui kazi. Historia ya karatasi hiyo inatupeleka kwingine. Mwishoni mwa karne ya 19, mfanyabiashara Asa Candler alipoeneza kuponi za Coca-Cola, ahadi ilikuwa nyepesi: lete karatasi, unywe glasi moja bure. Ubishi ulipata nafasi viwanda vya vyakula na sabuni vilipoanza kutoa kuponi za punguzo. Duka humpunguzia mteja bei leo, kisha hukidai kiwanda fedha hizo. Mwenye masharti yuko mbali. Keshia anafasiri maneno ya mwingine, na akikosea, kiwanda kinaweza kukataa kulirudishia duka lake fedha hizo. Chukua sharti la "kuponi moja kwa kila ununuzi". Mteja mwenye chupa nne za sabuni na kuponi nne anahesabu nunuzi nne, kila chupa na kuponi yake. Keshia anatazama risiti moja, anakubali kuponi moja. Naona mteja ndiye mwenye haki hapo, kwa kuwa viwanda vinapotaka kuibana risiti nzima huandika hivyo waziwazi. Lakini hofu ya keshia ina msingi.

Mashine iliongeza utata. Tarehe 26 Juni 1974, pakiti ya chingamu ya Wrigley's ilisomwa na mashine kwa mistari yake ya msimbo (barcode) katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, na baadaye kuponi nazo zikapewa mistari. Ndani yake tarakimu tatu zilitaja jamii ya bidhaa, na jamii hiyo iliweza kuwa pana kuliko maandishi: maandishi yanadai chupa kubwa, mashine inapokea hata ndogo. Kuna watakaosema wapo wateja walioutumia mwanya huo kudanganya, hivyo ukali wa makeshia ni wa lazima. Udanganyifu ulikuwepo kweli, ila uliegemea mashine, si maandishi. Keshia anayesoma sharti pamoja na mteja kabla ya kufunga risiti humnasa mdanganyifu na humtendea haki mwaminifu. Anayekataa kwa kutazama tu picha iliyo kwenye kuponi humwonea huyu wa pili, maana mara nyingi picha huonyesha bidhaa moja huku maandishi yakiruhusu yoyote ya aina hiyo. Wasipoafikiana, aitwe msimamizi, naye afungue kanuni za kuponi ambazo maduka mengi makubwa ya huko yameziandika.