Jina Pinda Katika Nchi ya Mpimbwe

Kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hapa Mpimbwe, mkoani Katavi, imebeba majina ya mawaziri wakuu wawili wa Tanzania. Sokoine, aliyefariki Aprili 1984, ndiye wa chuo kizima chenye makao Morogoro. Jina la kampasi ni la Mizengo Pinda, mwanasheria aliyezaliwa 1948 katika Mpanda ya zamani, Waziri Mkuu kuanzia Februari 2008 hadi 2015.

Jina la Pinda likisikika hivyo, mgeni hudhani ukoo huo umejaa bonde zima la Rukwa. Umaarufu na wingi ni vitu viwili. Kwa mazoea yetu mtoto hubeba jina lake, la baba, kisha la babu; vizazi vikisonga, la mwisho hudondoka. Smith wa Uingereza, yaani mhunzi, alirithisha lake karne hadi karne, hata kwa vitukuu wasiowahi kushika nyundo, ndiyo maana wamejaa kila mji. Huku jina la mwisho hukaa nyumba chache, na ndugu wa baba mmoja wanaweza kuandikishwa shule kwa majina tofauti. Atakayesema vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya taifa vya NIDA vimebadili mambo hajakosea: siku hizi jina likishaandikwa, limeandikwa. Ila karatasi hulitunza tu. Kilicholitangaza jina hili la Pinda ni cheo, tena cha mtu aliyejiita bungeni mtoto wa mkulima, na mkoa wa Katavi wenyewe ukaanzishwa 2012 yeye akiwa madarakani.