Hatua za Kuvua

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola iko Mangina, kilomita 30 hivi kutoka Beni. Haikupita muda ikaingia Beni penyewe, kisha Butembo. Chanjo imesimuliwa sana, na vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilivyoshambuliwa Februari 2019 pia. Mlango wa kutokea, ambako mhudumu huvua mavazi ya kinga, hautajwi.

Kuvaa ni rahisi: mtu ni msafi na hana haraka. Akitoka kwa wagonjwa ameloa jasho, miwani imeingia ukungu, na huenda virusi vimeshika vazi lote kwa nje. Anainama, anavua aproni akiikunja ndani-nje, ananawa kwa klorini ya asilimia 0.5 glavu zikiwa mkononi. Glavu za juu, ananawa. Kofia, ananawa. Ovaroli, polepole, mbele ya kioo, ananawa. Miwani huvutwa kwa mkanda wa kisogoni, barakoa vilevile. Kisha buti, na mwisho kabisa glavu za ndani.

Nani akumbuke yote hayo akiwa amechoka? Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller wa Marekani alikadiria kwamba akili hushika kwa muda mfupi vitu saba hivi. Nelson Cowan, mwaka 2001, akasema ni vinne. Philip Corsi wa Montreal, katika tasnifu yake ya 1972, aligusa vipande vya mbao kimoja baada ya kingine na kumtaka mtu arudie kwa mfuatano uleule. Wengi hukwama kwenye vitano au sita. Tena mara nyingi kitu chenyewe hakisahauliki. Viwili vinavyofuatana ndivyo hubadilishana nafasi. Glavu za ndani zikitangulia buti, mkono mtupu unashika buti.

Ndiyo maana kanuni za Shirika la Afya Duniani zinadai awepo mwangalizi: anataja hatua, anangoja, anataja inayofuata. Hata daktari bingwa huongozwa hivyo, na sioni aibu yoyote hapo. Bahati si ya kutegemea: Jean-Jacques Muyembe, daktari aliyepewa uongozi wa mapambano dhidi ya mlipuko huo Julai 2019, ndiye aliyechukua damu ya wagonjwa wa Ebola kijijini Yambuku mwaka 1976 bila glavu, akanusurika.

Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya vifo 2,287. Februari 2021 Ebola ilirudi upande wa Butembo: waliugua 12, wakafa sita.