Kutoka Kipimo cha Udhaifu hadi Ushahidi wa Chanzo: Picha za Moyo, 1953–2014

Kushindwa kwa moyo ni hali inayoweza kuletwa na magonjwa mengi. Wagonjwa wawili waweza kuwa na ventrikali ya kushoto iliyotanuka kwa kiasi kilekile, mmoja kwa sababu ya kuziba kwa ateri za moyo, mwingine kwa sababu ya ugonjwa wa msuli wenyewe. Hoja ya insha hii ni kwamba kila aina ya picha ilibadili namna magonjwa hayo yalivyoainishwa. Kwa hiyo mwanahistoria hana budi kuzisoma takwimu za vyanzo pamoja na kipimo kilichozizalisha.

Mwaka 1953, huko Lund, Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walirekodi mwangwi wa moyo unaodunda kwa kifaa kilichobuniwa kukagua kasoro za metali. Haja ya Edler ilikuwa mahususi: kuitathmini vali ya mitrali iliyobana kabla ya upasuaji. Baadaye ekokadiografia ilikuwa njia kuu ya kupima vali, unene wa kuta na kiasi cha damu kinachosukumwa kwa kila pigo. Hata hivyo, msuli ulioonekana kulegea haukueleza daima kilichoulegeza.

Pengo hilo lilizibwa kwa angiografia. Ateri zikionekana wazi, mgonjwa aliwekwa katika kundi la ugonjwa wa msuli. Zikiwa zimebana, ateri zilibeba lawama. Lakini angiografia huonyesha njia ya damu. Haionyeshi hali ya msuli unaolishwa nayo.

Kipimo cha MRI chenye gadolini kiliugusa msuli wenyewe. Dawa hiyo hubaki nje ya seli hai na hukawia kuondoka penye kovu, hivyo kovu hung'aa katika picha zinazopigwa dakika kadhaa baadaye. Kovu la ateri iliyoziba huanzia tabaka la ndani la ukuta wa moyo na kuenea kuelekea nje. Makovu mengi ya asili nyingine hukaa katikati ya ukuta au upande wa nje.

Utafiti wa McCrohon na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulichunguza wagonjwa 90. Kati ya 63 ambao ateri zao hazikuwa na kizuizi, asilimia 59 hawakuwa na kovu, asilimia 28 walikuwa na kovu la katikati ya ukuta, na asilimia 13 walikuwa na kovu lisilotofautiana na la ateri iliyoziba. Huenda ateri za kundi hili la mwisho ziliziba kwa muda, kisha zikafunguka. Kwa wagonjwa hao, uainishaji wa angiografia ulitiliwa shaka.

Matokeo hayo yanaihusu Tanzania pia. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014, ukiwa na wagonjwa 427, ulihusisha asilimia 45 na shinikizo la damu, asilimia 28 na ugonjwa wa msuli wa moyo, na asilimia 9 na ugonjwa wa ateri. Picha kuu ya utafiti huo ilikuwa ekokadiografia. Takwimu hizo ni ushahidi wa thamani. Lakini mpaka kati ya makundi mawili ya mwisho ni mpaka ambao ekokadiografia peke yake haiwezi kuuchora kwa uhakika. Anayezilinganisha na takwimu za London au Chicago analinganisha maradhi na vipimo kwa wakati mmoja.